Kabla hujapulizia kidonda hiyo chupa ya bakteria wazuri

Swali ni hili: hizi chupa za kupuliza zenye bakteria hai, ambazo watu wanatumiwa kutoka nje, je, zinafaa kwa kidonda? Naanza na jibu maana najua wengi mtasoma mistari miwili halafu mkimbie: hapana, usipulize hiyo kitu ndani ya kidonda kilicho wazi. Kwa ngozi nzima, kwapani, mgongoni, usoni, fanya unavyotaka, pesa ni yako. Kwa kidonda, bado. Sasa kama una dakika kumi kaa hapa nikueleze kwa nini nasema "bado" na sisemi "ni uongo mtupu", maana hapo ndo watu wanagawanyika vibaya, kuna wale wanaoamini kila kilichoshuka Entebbe na kuna wale wanaocheka kila wasichokijua, na kwa hii mambo ya bakteria wa ngozi naona wote wawili wamekosa.

Mi nafanya kazi farmasi hapa Jinja, nyuma ya kaunta, si daktari, ingawa wateja wote wananiita musawo na nimechoka kuwasahihisha. Nimekulia kambi ya polisi Nsambya ndo maana Kiswahili changu ni hiki cha kambi, mtanivumilia. Habari yenyewe ililetwa kwangu na afande mmoja mstaafu, alikuwa rafiki wa marehemu baba, boda ilimwangusha njia ya Bugembe akachunika mguu kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Mtoto wake yuko kyeyo, yaani kutafuta kazi ng'ambo, huko Waltham, Massachusetts, ule mji ambao Waganda wamejaa kweli kweli, akamtumia baba yake chupa ya kupuliza pamoja na voisi ndefu ya WhatsApp kwamba ndani kuna bakteria hai wanaosaidia kidonda kufunga.

"Jambo afande."

"Jambo mwanangu. Hebu nisomee hii maneno. Huyu mtoto anasema niweke wadudu kwa kidonda, na nyinyi miaka yote mnaniambia niue wadudu kwa kidonda. Nani kati yenu anadanganya?"

Nikamwambia hakuna anayedanganya mzee, lakini usiweke. Hakuridhika, na kusema ukweli hata mi nisingeridhika na jibu kama hilo, kwa hiyo hii post ni jibu refu ambalo sikuweza kumpa siku hiyo na foleni ya watu nyuma yake.

Ngozi yako sa hivi, hata kama umetoka bafuni dakika hii, imejaa vijidudu. Kuna Staphylococcus epidermidis karibu kila mahali, kuna Cutibacterium acnes kwenye sehemu zenye mafuta kama paji la uso na mgongo, kuna Corynebacterium kwapani na sehemu zenye unyevu. Wanakula jasho, mafuta na ngozi iliyokufa, na mabaki yao yanasaidia kuifanya ngozi iwe na asidi kidogo, pH ya karibu 5 hivi, hali ambayo wabaya kama Staphylococcus aureus hawaifurahii sana. Sabuni ya mche tunayofulia na wengine tunayoogea iko kwenye 9 au 10. Ndo maana ukiosha mikono nayo mchana kutwa ngozi inakakamaa na kuwasha.

Zamani tulikuwa tunaambiwa hawa wa ngozi ni wapangaji tu, hawana faida hawana hasara. Mwaka 2009 timu ya Richard Gallo pale San Diego ikaonyesha kitu tofauti. Ukijikata, chembe hai za mwili (seli) zilizopasuka zinamwaga vitu vyake vya ndani na mwili unapiga kengele, panavimba, panakuwa pekundu, panauma, na hiyo ni sawa mpaka kiasi fulani, ikizidi inachelewesha kupona. Wakakuta kipande cha ukuta wa epidermidis, kinaitwa asidi ya lipoteikoiki, kinatuliza ile kengele kwenye ngozi. Yaani yule mpangaji anachangia hata kwenye hasira ya nyumba, anaipunguza. Mwaka uliofuata Wajapani wakatoa yao, kwamba baadhi ya epidermidis wanatoa kimeng'enya kinaitwa Esp ambacho kinavunja ule utando wa aureus, ile bayofilmu, ute mgumu ambao wabaya wanajificha ndani yake dawa isiwafikie. Wakachukua watu waliokuwa na aureus puani, na karibu theluthi moja ya watu wanaye bila kujua, wakawawekea wale epidermidis wenye Esp, na aureus akaondoka. Puani lakini, si kwenye kidonda, kumbuka hilo.

Halafu 2018 kikundi cha Yasmine Belkaid, huko kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani, wakaonyesha kwa panya kwamba ukimpaka epidermidis kwenye ngozi nzima, bila kumchubua, mwili wake unatengeneza chembe nyeupe za aina fulani zinazobaki hapo kwenye ngozi, na akija kuumizwa baadaye kidonda kinafunga haraka zaidi. Mi hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Angalia mpangilio wake: bakteria kwanza kwenye ngozi nzima, kidonda baadaye. Hakuna aliyemwaga bakteria ndani ya nyama iliyo wazi. Hiyo tofauti ndo inapotea kwenye voisi za WhatsApp, mtu anasikia bakteria, anasikia kidonda, anasikia haraka, anaunganisha mwenyewe.

Na msidhani wanasayansi wenyewe wamekubaliana. Mwaka 2014 watafiti wa Brazil walichukua panya waliozaliwa na kulelewa bila kijidudu hata kimoja, wakawajeruhi, na vidonda vyao vilifunga haraka kuliko vya panya wa kawaida, tena bila kovu. Bila bakteria kabisa! Mtu akisoma hiyo peke yake anakwenda kununua dumu la Dettol. Halafu 2021 Johns Hopkins kule Baltimore wakaja na kinyume chake, panya wasio na vijidudu walirudisha ngozi vibaya, hasa vile vishimo vya nywele, na wale wenye bakteria walifanya vizuri kwa sababu bakteria wanachokoza kemikali ya mwili inaitwa IL-1β ambayo inaamsha ngozi ijijenge upya. Na hawakuishia kwa panya, walichukua watu wazima wenye afya, wakawatia vidonda vidogo, waliopakwa mafuta ya antibayotiki wakapona polepole zaidi.

Sasa ni nani umwamini? Mi maoni yangu, na ni ya mtu wa kaunta tu, ni kwamba wote wanaweza kuwa sawa. Panya wa Brazil aliyeishi kwenye sanduku safi ambalo hata hewa yake inachujwa hana haja ya mlinzi, hakuna mwizi. Sisi tunaishi Jinja, kuna vumbi, kuna mbuzi barabarani, kuna nzi. Swali la je, bakteria ni wazuri au wabaya kwa kidonda halina jibu moja, inategemea bakteria yupi, kidonda gani, mwili wa nani, siku gani tangu uumie. Mwaka 2024 watu wa Pennsylvania walipochunguza vidonda sugu vya wagonjwa wa sukari walikuta bakteria mmoja, Alcaligenes faecalis, ambaye jina lake tu linatisha, kumbe anasaidia chembe za ngozi kutembea na kufunga kidonda. Angekuwa kwenye majibu ya maabara ningekuwa wa kwanza kumwambia mgonjwa aanze dawa.

Turudi kwa ile chupa. Hizi za kupuliza zimeanza na injinia mmoja wa kemikali anaitwa David Whitlock, aliulizwa swali na rafiki yake wa kike, kwa nini farasi wanajigaragaza kwenye udongo? Akaanza kuchunguza udongo wa zizini akapata bakteria wanaokula amonia, wanaitwa Nitrosomonas. Jasho letu lina amonia na urea, akafikiri kwamba hawa walikuwa wanaishi juu ya binadamu kabla ya sabuni kuwamaliza. Wanageuza amonia kuwa naitraiti na naitriki oksaidi. Na naitriki oksaidi si mchezo, waliogundua kazi yake mwilini walipewa Nobel 1998, inapanua mishipa ya damu, na kidonda kinaihitaji ili kipate damu na kijenge kolajeni, zile nyuzi zinazoshika ngozi. Kwa hiyo wazo lina miguu. Kampuni ikaanzishwa Cambridge, Massachusetts, hapo hapo karibu na Waltham, na mwandishi mmoja wa New York Times Magazine akajaribu 2014 kukaa mwezi mzima bila sabuni akijipuliza tu. Whitlock mwenyewe alikuwa hajaoga kwa shampuu na sabuni miaka zaidi ya kumi. Sawa, kila mtu na maisha yake.

Lakini nilipoigeuza chupa ya mzee nikaisoma mpaka chini, hakuna mahali pameandikwa kidonda. Hakuna. Imeandikwa ni kipodozi, kwa ngozi, harufu, hali ya ngozi. Neno kidonda lilikuwa kwenye voisi tu. Na hii nawaomba sana mfanye, kabla hujaniuliza kama dawa inafanya kazi soma chupa yenyewe inadai nini, mara nyingi chupa ina adabu kuliko aliyeituma. Pia imeandikwa iwekwe kwenye friji. Sasa fikiria safari yake, sanduku la mtu anayerudi nyumbani, ndege, masaa ya kusubiri Entebbe, buti la gari mpaka Jinja kwenye jua, friji ya mzee ambayo umeme ukikatika usiku inageuka kabati. Wale Nitrosomonas ni viumbe wanaokua polepole mno, na sabuni kidogo tu inawaua, mi sina hakika kama aliyefika Bugembe alikuwa hata mmoja mzima. Mzee anajipuliza kwapani siku hizi na anasema harufu imepungua. Hiyo siwezi kubishana naye.

Kuna aina ya pili ambayo iko hata madukani Kampala, krimu na losheni zilizoandikwa probayotiki, yaani bakteria wazuri, kwa herufi kubwa. Geuza nyuma usome viungo. Ukiona "lactobacillus ferment" au "bifida ferment lysate" ujue hao wameshakufa, wamesagwa, ni mchuzi wa bakteria. Haiwezi kuwa vingine, maana krimu yoyote inayokaa shelfu miaka miwili lazima iwe na kihifadhi, na kihifadhi kazi yake ni kuua vijidudu, hakitachagua huyu mzuri huyu mbaya. Si lazima iwe mbaya, huo mchuzi unaweza kulainisha ngozi na kupunguza wekundu, kumbuka hata kile kipande cha ukuta cha Gallo hakikuhitaji bakteria awe hai. Ila usilipe bei ya bakteria hai kwa maiti. Na kwa kidonda kilicho wazi krimu ya urembo yenye manukato haina kazi.

Za kidonda kweli kweli zipo, ziko kwenye majaribio. Argentina, mji wa Tucumán, 2009 walipaka Lactobacillus plantarum kwa watu walioungua wakalinganisha na ile krimu nyeupe ya silva salfadaizini ambayo sote tunaijua, na bakteria hakuwa nyuma. Uswidi pale Uppsala wamemrekebisha bakteria anaitwa Limosilactobacillus reuteri awe anatoa protini ya binadamu inaitwa CXCL12 inayoita chembe za kinga zije kwenye kidonda zikae zifanye kazi, kwa panya kidonda kilifunga haraka, matokeo yakatoka 2018, kisha wakaenda kwa watu. Hii ya Uswidi naona ndo njia yenye akili zaidi, maana bakteria hapo ni kama fundi aliyetumwa na kifaa kimoja, kinajulikana, kinapimika, na akimaliza anakufa aende zake. Marekani FDA, wale wanaosimamia chakula na dawa, imeshapitisha dawa za bakteria hai, moja mwishoni mwa 2022 na nyingine 2023, lakini zote ni za utumbo, kwa wale wanaorudiwarudiwa na Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha.

Nikisema Lactobacillus najua swali linalofuata, na kuna mama aliniuliza siku ile ile, sasa si nipake bongo tu, haya maziwa yetu ya mgando? Bongo si ina hao hao? Mama, bongo ni chakula. Hapa Uganda tuna bahati, tuna hata yogati zinazotengenezwa na kimea cha Yoba, yule rhamnosus, vikundi vya akina mama huko magharibi wanaipika na kuuza, kunywa, mpe mtoto, mpe mgonjwa anayepona maana kidonda kinajengwa kwa protini na mgonjwa wa chai na mkate mkavu haponi vizuri. Lakini bongo ya kwenye ndoo pamoja na hao wazuri ina hamira, ina vilivyotoka kwenye kiwele, ina vilivyotoka kwenye mkono wa muuzaji. Wale wa Tucumán walipaka bakteria mmoja aliyeoteshwa peke yake maabara na kuhesabiwa. Mtoto aliyeungua mpeleke chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, maji ya kawaida si ya barafu, halafu kituo cha afya. Si bongo, si Colgate, si mayai.

Na asali usiniulize hapa, ila kwa kifupi: asali ya hospitali imepigwa mionzi kuua mbegu za Clostridium botulinum, bakteria mwenye sumu kali, asali ya chupa ya Mirinda kutoka West Nile, tamu kweli, haijapigwa.

Hapa naomba mnisikilize wale mliopata ajali za boda, na mko wengi. Huyu epidermidis niliyemsifia hapo juu ana upande wake wa pili. Kwenye ngozi ni rafiki, akiingia ndani akakutana na chuma, plastiki, kathetari (mrija wa hospitali), vali ya moyo ya bandia, anajenga utando juu yake na hatoki. Ni mmoja wa wanaoongoza kwa kuharibu vyuma vilivyowekwa mifupani. Sasa mtu ana chuma mguuni, mshono haujafunga, mtu anampulizia bakteria hai kwa sababu video ilisema ni wazuri? Mwaka 2023 FDA ilitoa onyo baada ya mtoto njiti kufa hospitali, bakteria aliyekuwa kwenye probayotiki aliyopewa alikutwa kwenye damu yake. Bakteria mzuri kabisa, wa watoto kabisa. Mwenye sukari isiyodhibitiwa, aliye kwenye dawa za saratani, mwenye virusi vya ukimwi ambaye hajaanza dawa, njiti, mzee sana, hao wote kinga yao haina uwezo wa kumwambia mgeni ukomo wake ni huu.

Basi tufanye nini na hao wazuri tulionao tayari, wa bure? Tuache kuwaua ovyo. Hapa ndo nagombana na wateja kila wiki. Mtu akikatwa kidogo anataka spiriti, akikosa anataka Jik, akikosa anataka ile hidrojeni peroksaidi kwa sababu inatoa povu na povu linampa moyo kwamba kazi inafanyika. Lile povu ni kimeng'enya kilicho kwenye damu na chembe zako kinavunja peroksaidi, litatoka hata kidonda kikiwa safi. Alexander Fleming, huyu huyu wa penisilini, wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikuwa Boulogne Ufaransa anatibu wanajeshi, akaonyesha kwamba dawa kali za kuua vijidudu kwenye vidonda virefu zilikuwa zinaua chembe nyeupe za askari mwenyewe na bakteria waliojificha kwenye mianya wanabaki wanakula raha. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado nauza spiriti kwa ajili ya vidonda.

Maji. Maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa kama bomba lako huliamini, mengi, yanayotiririka, mpaka mchanga wote utoke. Mzee wa Bugembe alikuwa na kokoto ndogo za barabara ndani ya ule mchubuko, hakuna bakteria duniani, wa bei yoyote, atakayefunga ngozi juu ya kokoto. Halafu paka Vaselini ya kawaida, kopo jipya, usichovye kidole kilichogusa kidonda, weka gozi, funga. Najua mama zetu walisema kidonda kiachwe kipigwe na hewa kikauke. George Winter alifanya jaribio na nguruwe likatoka 1962, vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliotesha ngozi karibu mara mbili ya haraka kuliko vilivyoachwa vikauke na gaga. Ngozi mpya inatambaa kwenye unyevu, kwenye gaga inabidi ichimbe njia chini kwa chini. Lakini unyevu si kulowana, bandeji ikichafuka au ikilowa maji ya mvua badilisha, usikae nayo wiki kwa sababu musawo alisema funika.

Na sindano ya TT jamani. Pepopunda inakaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kidonda cha barabarani ndo nyumbani kwake, na wale wanaosoma kwamba udongo una bakteria wazuri wa farasi wasisahau kwamba udongo huo huo una huyu. Mzee alibisha kwamba alichanjwa akiwa kozi Masindi enzi za nyuma huko. Alichomwa.

Kitu kinachoniuma kuliko Dettol ni zile kapsuli. Mtu ananunua kapsuli moja, moja tu, ya rangi mbili, anaifungua anamwagia unga kwenye kidonda. Watu wazima wenye digrii wanafanya hivo. Ule unga haukutengenezwa kwa kidonda, haujasafishwa kwa ajili hiyo, unaganda na usaha unakuwa kifuniko na chini yake kunaoza vizuri, na zaidi unaua wale dhaifu wote pamoja na epidermidis wako na kuwaacha wale sugu peke yao kwenye uwanja mtupu. Kisha mtu anaishia hospitali na aureus ambaye hasikii dawa za kawaida. Kama kidonda kinahitaji antibayotiki, na vingine vinahitaji kweli, wekundu unaotambaa, joto, usaha, homa, mistari myekundu kupanda mguu, basi unameza dozi nzima uliyoandikiwa. Sikukatazi dawa, nakukataza uchawi wa kapsuli moja.

Harufu na rangi pia ziangalie. Rangi ya kijani ya kubluubluu kwenye bandeji na harufu tamutamu ya ajabu mara nyingi ni Pseudomonas, huyo haondoki kwa Vaselini. Kidonda cha mguu kisichosogea wiki mbili tatu, pima sukari, hata kama hujawahi kuambiwa una sukari. Nimeona watu wanahangaika na krimu za kila aina mwezi mzima na kipimo cha tone moja la damu kingewaeleza kila kitu.

Na kuna kidonda kimoja ambacho kina jina la kwetu. Buruli, kutoka kaunti ya Buruli huko Nakasongola karibu na Naili, ndo palipompa ugonjwa jina miaka ya 60, ingawa daktari Albert Cook wa Mengo alishaandika vidonda vya aina hiyo 1897. Siku hizi wagonjwa wengi wako Afrika Magharibi na Australia. Unasababishwa na Mycobacterium ulcerans, ndugu wa kifua kikuu, anatoa sumu inaitwa maikolaktoni inayokula mafuta chini ya ngozi na wakati huo huo inaua maumivu. Huo ndo ubaya wake, unaanza kama kiuvimbe kidogo kisichouma, mtu anasema si kitu, kinapasuka, kingo zake zimechimbika kwa chini, kinapanuka na mtu bado anatembea anacheka. Sisi tumezoea kupima ubaya wa kidonda kwa maumivu. Kidonda kikubwa kisichouma na kinachoendelea kupanuka usikipulizie kitu, usikipake kitu, nenda wakichukue kipimo. Tiba yake ni rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8, unaandikiwa na daktari baada ya kipimo, hauuziwi kwenye kaunta yangu hata ukija na pesa yote.